Aliyesomea Watu

Chini ya hospitali ile kuna chumba ambacho mvuke haukauki. Ukishuka ngazi kumi na nne kutoka mapokezi, ukasukuma mlango wa chuma ulioandikwa NGUO, unaingia kwenye ukungu mweupe wenye harufu ya sabuni na pamba ya moto, na kwa muda huoni mtu yeyote. Kisha unaona mikono. Kisha, nyuma ya mikono, unamwona mwanamke mfupi wa miaka arobaini na tisa, miwani yake imefungwa uzi shingoni, akipitisha pasi juu ya shuka polepole kama anayempapasa paka aliyelala.

Wenzake wanamwita Mama Mvuke. Amepiga pasi pale miaka ishirini na sita. Nilimjua kwa sababu nilivunjika mguu nikiwa safarini, nikalazwa wiki sita ghorofa ya tatu. Nimelala kwenye mashuka ya bandarini na ya vituo vya mpakani, mengine magumu kama turubai, na sikuwahi kujiuliza nani ameyanyoosha. Ya pale yalinifanya niulize. Nilipoweza kutembea kwa magongo niliteremka kumtafuta. Aliutazama mguu wangu, akanisogezea kikapu kikubwa cha foronya kilichofunikwa ubao, akasema, "Kalia hapo. Kimekaliwa na watu wengi kuliko kiti cha kinyozi."

Haya yote alinisimulia nikiwa juu ya kikapu hicho, asubuhi baada ya asubuhi, pasi ikihema.

Alianza chuo kikuu akiwa na miaka arobaini na miwili, masomo ya jioni, watoto wake wawili walipokwisha kujitegemea. Hakuchagua biashara wala ualimu, kama shemeji zake walivyomshauri. Alichagua anthropolojia, na sababu yake ilikuwa mashuka. Kwa miaka mingi alikuwa ameona kwamba shuka la mtu mwenye hofu hukunjamana katikati, pale alipolishikilia. La mtu anayetembelewa hukunjamana ukingoni, pale wageni wanapokaa. La mtu asiye na mgeni hurudi na ukingo wake umenyooka vilevile, kama lilivyopanda. Hakumwambia mtu. Aliona ni mambo ya kipuuzi, ya mtu anayekaa na nguo kutwa. Hadi siku moja, akisubiri zamu yake kwenye dirisha la chuo ili achukue cheti cha mtoto aliyehitimu, akasoma kwenye karatasi ya ukutani kwamba kuna somo la kuchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, wanavyougua, wanavyozika, wanavyopeana vitu na wanavyoitana.

"Nikasema kumbe! Kuna watu wanapewa shahada kwa umbea wangu huu."

Wa kwanza kumweleza alikuwa mama yake mzazi, ambaye anaishi naye.

"Umeandikishwa kusomea nini?"

"Anthropolojia, mama."

"Hilo ni somo au dawa ya minyoo?"

"Ni elimu ya watu. Nasomea watu."

Mama akaweka chini sahani aliyokuwa akiifuta. "Unasomea watu," akarudia, taratibu, kama anayeonja. "Haya, mwanangu. Mungu amekuona."

Hapo ndipo mbegu ilipoanguka, na hakuna aliyeisikia. Natembea na lugha tano mdomoni, na katika nne kati ya hizo mama yule asingeweza kukosea. Kiswahili kimekipa kitenzi hiki cha kusomea kofia tatu. Anayesomea udaktari anajifunza kazi. Anayemsomea mgonjwa anamwombea, akisoma maneno matakatifu juu ya kichwa chake ili apone. Na anayemsomea bibi barua anamsomea tu, kwa kuwa macho ya bibi yamechoka. Binti alikuwa amevaa kofia ya kwanza. Mama aliona ya pili.

Miaka ikapita. Mama Mvuke alikuwa akitoka kazini saa kumi, anafika darasani saa kumi na moja, nguo zake bado zina joto la pasi, na vijana waliokaa karibu naye walipenda kukaa hapo siku za baridi. Alisoma habari za visiwa ambako hesabu hufanywa kwa viungo vya mwili, na za watu wa milimani wasiotaja jina la mkwe. Alisema mara nyingine alisinzia mwalimu akifundisha, na usingizini visiwa vile vilikuja kupigwa pasi. Alipita juu yake taratibu, akichunga asiunguze nyumba za watu.

Mwaka wa sita ukawa wa kutafuta mada ya tasnifu. Msimamizi wake alikuwa mwanamke aliyempita kwa elimu na kuzidiwa naye kwa miaka kumi na mitano. Mmoja alisema "mwalimu", mwingine akaitikia "mama".

"Mama, wenzako wanapanda ndege kwenda kutafuta watu wa kuwachunguza," mwalimu alimwambia. "Wewe unao, chini ya ngazi. Hebu waulize wanajua nini kuhusu wagonjwa wasiowaona."

Naye akaona ni kweli. Siri ya mtungi aulizwe kata. Wapishi wa hospitali wanajua nani anarudisha chakula. Wa boila wanajua wodi ipi inaomba maji ya moto alfajiri. Mshonaji anajua mashuka yanapochanikia. Akaandika orodha ya watu kumi na mmoja wanaofanya kazi pale chini, akanunua daftari la jalada gumu, akaanza.

Hawakutaka. Mkunjaji wa mashuka, mwanamume mrefu wanayemwita Kona kwa jinsi anavyopatanisha pembe, alimcheka. "Uniandike mimi? Nimekuwa diwani?" Mshonaji alisema ana kazi. Wa boila walisema wataulizana. Wiki mbili daftari lilibaki jeupe.

Kisha mama yake akaja hospitali kupimwa presha, na kama kawaida yake akapitia chini kusalimia. Mama Mvuke alikuwa amepeleka mashuka juu. Mama akakaa karibu na cherehani ya mshonaji, wakaanza kupiga soga.

"Huyu mwenzenu mnamwona hivihivi," mama alisema. "Anasomea watu. Chuo kikuu kabisa, si wale wa mtaani."

Cherehani ikasimama.

Kesho yake saa nne, wakati wa chai, mshonaji akaja mwenyewe, akajifuta mikono, akakaa juu ya kikapu. Akaeleza mgongo wake. Akaeleza mashuka yanayochanika upande wa miguuni, kwa sababu usiku watu hupiga teke wakiota. Akaeleza kuhusu dada yake ambaye hawajasemeshana miaka minne kwa ajili ya maneno ya msibani. Mama Mvuke aliandika mpaka mkono ukaganda. Na alipomaliza alifanya jambo alilolizoea tangu mwaka wa kwanza: aliinamisha kichwa karibu kabisa na daftari, maana miwani ilikuwa ya zamani, akajirudia alichoandika kwa kunong'ona, midomo ikitembea, ahakikishe hakuna kilichoruka. Mvuke ukawafunika wote wawili. Kisha akafunga daftari na kusema, "Haya, asante. Mungu akubariki."

Niambie, wewe ungekuwa umekaa kwenye kikapu, ungefikiri nini.

Siku ya pili mshonaji alileta nusu kilo ya sukari. Mpishi mmoja alileta vitunguu. Kona, baada ya kukaa kikapuni na kueleza kwa nini haoi, alileta mayai. Moyo wa Mama Mvuke ulijaa. Darasani walikuwa wamefundishwa kwamba hakuna zawadi tupu, kila zawadi ni kamba inayomfunga anayetoa na anayepokea. Na sasa kamba zilikuwa zinakuja zenyewe, zimefungwa kwenye magazeti! Akaandika sura ya nne, kurasa thelathini na moja, akaiita "Zawadi za Chini". Mwalimu aliirudisha na alama nyekundu pembeni: Safi sana, mama!

Wa mwisho kuja alikuwa mwendesha lifti.

Hospitali ile ina lifti mbili. Ndogo inajiendesha. Kubwa, ya vitanda, ina mlango wa kuvuta kwa mkono na mwendeshaji wake, mzee mkimya anayekaa juu ya stuli karibu na vitufe. Wanamwita Bwana Ghorofa. Wote walijua kwamba mlango unapofunguka ghorofa ya tano, yeye hufumba macho mpaka ufungwe. Hakuna aliyejua kwa nini, na utani wa Kona kwamba deni lake liko huko juu haukumchekesha.

Alikuja mara nne. Mara ya kwanza hakusema neno, alikaa tu kwenye mvuke kama mtu anayesubiri kunyolewa. Mara ya pili alizungumza kuhusu kamba za lifti. Mara ya tatu na ya nne alisema yale mengine, na daftari likala kurasa arobaini. Mama Mvuke alijua, kama mpishi anavyojua kwa harufu, kwamba tasnifu yake iko hapo. Sura nyingine zote zilikuwa njia ya kufikia mtu huyu.

Zikabaki wiki tano kukabidhi. Asubuhi moja mshonaji akaja, uzi mdomoni.

"Mama Mvuke, shemeji yangu ana usaili wa kazi Jumatatu. Nimlete umsomee?"

"Nimsomee nini? Gazeti?"

"Aa, usijifanye. Umsomee kama ulivyonisomea mimi. Tangu siku ile mgongo umelegea, na dada kanipigia simu mwenyewe. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Mimi nimepona, bibie, sikufichi."

Pasi ilisimama juu ya foronya. Kona ndiye aliyeiinua, baada ya kunusa moshi. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuunguza kitu. Bado anayo foronya ile, na alama ya kahawia yenye umbo la pasi, kama jani kubwa.

"Niliona sukari," aliniambia. "Niliona vitunguu, mayai, vyote vinapita mbele ya macho vikigeuka majina. Havikuwa zawadi. Yalikuwa malipo ya dua."

Jioni ile alikwenda ofisini kwa mwalimu, chumba chembamba chenye feni moja na vitabu sakafuni, akaeleza. Mwalimu alianza kucheka, kisha akaacha.

"Kuna mwingine anayejua?"

"Hakuna."

"Ungeweza kunyamaza, mama."

"Ningeweza. Lakini waliniambia kwa sababu waliamini mimi ni mwingine. Hiyo si ridhaa, mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mwalimu akazima feni, ndipo akasema. Kila mmoja aelezwe upya, kwa maneno yasiyo na kona, aulizwe kama anakubali. Atakayekataa, kurasa zake zitolewe. Idara haipokei tasnifu yenye watu chini ya wanane. Na mwaka huu ulikuwa wa saba, wa mwisho kwa wanafunzi wa jioni. Ukiisha bila kukabidhi, jina linafutwa, na kilichosomwa chote kinabaki kichwani tu.

Nyumbani, mama yake hakuona kosa lolote. "Nilisema uongo? Husomei watu?"

"Siwaombei, mama!"

"Basi hilo ndilo kosa lako, si langu."

Akaanza kuzunguka. Kona alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, miguu yake mirefu imetanda kama mkasi.

"Kwa hiyo mayai yangu yalikuwa ya nini? Nirudishie."

"Nimeshayala."

"Basi niandike. Ila andika yalikuwa sita, usije ukapunguza."

Mshonaji alimkata jicho refu. "Na mgongo wangu umepona kwa nini?"

"Sijui, dada."

"Hujui, na unasoma." Akavuta karatasi, akaweka sahihi shingo upande. "Usiniguse tu huo mgongo kwa maswali yako."

Wa boila wawili walikataa. Walisema mambo ya mke hayaandikwi. Mpishi mmoja alikataa pia, akaacha kumsalimia kwa mwezi mzima. Kufikia Ijumaa waliokubali walikuwa saba, waliokataa watatu. Akabaki mmoja.

Bwana Ghorofa alimsikiliza akiwa juu ya stuli yake, mkono kwenye mlango. Alivuta mlango, akapanda. Kwa siku tatu lifti kubwa haikushuka chini. Ilipita juu ya vichwa vyao ikikoroma, na mashuka yalipanda kwa ngazi, mikononi, vifurushi vyeupe vikipishana na wauguzi kama mawingu yaliyokosea njia. Kona alilalamika magoti. Mama Mvuke hakulalamika. Alihesabu zilizobaki, wiki tatu na siku mbili, na kila pasi ilipopumua alidhani ni mlango wa lifti.

Siku ya nne saa nane mchana, wodi zikiwa zimelala, lifti ilishuka. Mlango ukafunguka.

"Ingia," mzee alisema. "Na daftari."

Alipandisha mpaka katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne, akasimamisha. Ukuta wa saruji ulionekana kwenye upenyo wa mlango, na taa ilikuwa ya njano, kama ndani ya yai. Akamwachia stuli, yeye akasimama.

"Yale niliyokwambia uliyaandika yote?"

"Yote."

"Macho yangu hayashiki maandishi madogo. Nisomee."

Mama Mvuke aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza neno lile lilimjia bila kofia yoyote. Akafungua ukurasa. Akasoma, si kwa kunong'ona.

Alisoma jinsi mke wa mzee alivyolazwa ghorofa ya tano wiki tatu, na jinsi mzee alivyokuwa akimpelekea chai kati ya safari na safari, kikombe juu ya stuli, akiendesha taratibu isimwagike. Alisoma kuhusu Jumanne moja, saa tatu asubuhi, machela yalipoingia kwenye lifti ghorofa ya tano yakiwa yamefunikwa. Mbeba machela alikuwa mgeni. Mzee alitaniana naye, kama wanavyotaniana kila siku ili kazi isiwaingie moyoni. Alibonyeza kitufe cha chini. Akawashusha. Akachukua kikombe cha chai, akapanda, akatembea mpaka kwenye kitanda cha mkewe, akakuta kimetandikwa. Shuka jipya, limenyooka kama maji ya asubuhi, halina hata mkunjo.

Hapo mwanamke alisita, maana pembeni mwa ukurasa kulikuwa na mstari mwingine. Akausoma pia.

"Hiyo sikuisema mimi," mzee alisema.

"Hiyo niliiandika mimi."

"Rudia."

"'Shuka hilo nililipiga pasi mimi.'"

Lifti ilining'inia. Mahali fulani juu yao kamba zilipiga mlio mdogo, kama mtu anayegeuka kitandani.

"Wewe ndiye ulilinyoosha?"

"Yote ni mimi, ndugu yangu. Miaka ishirini na sita."

Mzee alitazama ukuta wa saruji. "Lilinyooka sana," alisema. "Nilitaka kukaa, nikaogopa kulikunja."

Kisha akanyoosha mkono. "Ule utani niliofanya na yule kijana, utoe. Huo hauendi chuo."

Mama Mvuke akachana ukurasa, taratibu, kufuata mshono. Mzee akaukunja mara nne, akauweka kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Utani wenyewe mimi siujui. Nilimuuliza Mama Mvuke, akajifanya hajasikia, akapiga pasi foronya ambayo ilikuwa imeshanyooka.

"Nyingine zote zinabaki," mzee alisema. "Kalamu iko wapi?"

Sahihi ya nane iliwekwa ukutani mwa lifti, karatasi imekandamizwa kwenye chuma, herufi kubwa zinazopanda kwenda juu. Sura ya nne iliandikwa upya katika wiki tatu, ikawa kurasa kumi na mbili. Haikuitwa tena Zawadi za Chini. Iliitwa "Kosa la Mama Yangu", na mama mwenyewe, aliposomewa, alisema ameonewa.

Lakini mchana ule lifti ilikuwa bado haijateremka. Mzee alikuwa ameshaweka mkono kwenye kitufe, akauondoa.

"Na haikuwa Jumanne," alisema. "Ilikuwa Alhamisi. Nilikosea, nilikuwa sijui unaandika kweli. Sasa andika vizuri."

Mama Mvuke akafungua ukurasa mweupe, akasogeza miwani, akainama.

"Na usiiname hivyo," Bwana Ghorofa akasema. "Watu watadhani unaniombea."